Barua Zilizokwama Langoni

Mwaka 1978 mtoto wa kike alizaliwa katika nyumba ya mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o, na baba hakuwapo. Polisi walikuwa wamemchukua kwake Limuru usiku wa kuamkia tarehe 31 Desemba 1977, akapelekwa gereza la Kamiti na kuwekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Picha ya mtoto ilimfikia kwa posta, baada ya kupita mikononi mwa watu ambao kazi yao ilikuwa kusoma barua za wengine. Wenzake wa kizuizini walimbandika binti yule jina la utani kwa Kikuyu, Kaana ka Mboothita, yaani mtoto wa posta. Ngũgĩ aliachiwa tarehe 12 Desemba 1978. Hadi hapo, karatasi ndiyo iliyomtambulisha kwa mwanawe.

Historia ya magereza yetu huandikwa kwa majina ya wafungwa mashuhuri, kesi zilizowapeleka ndani na miaka waliyokaa. Mimi nataka tusimame langoni, pale kifurushi kinapofunguliwa na barua inapochanwa. Hapo ndipo serikali na familia hukutana ana kwa ana, na mara nyingi anayesimama upande wa familia ni mwanamke ambaye jina lake halimo katika hukumu yoyote. Amepanga foleni, amekaguliwa kikapu, ameulizwa maswali, na kesho yake amerudi. Ukifuatilia kilichopita langoni na kilichozuiwa, utaiona historia nyingine ya Afrika Mashariki na Kusini, ambayo hotuba za viongozi hazikuigusa.

Jela ya namna tunayoijua ililetwa na ukoloni. Mombasa, Waingereza waliigeuza Ngome ya Yesu kuwa gereza mwaka 1895, ikabaki hivyo hadi 1958. Pamoja na makufuli walileta kanuni, na kanuni hizo zimedumu kuliko bendera yao. Yeyote aliyewahi kuwa na ndugu rumande anazijua hata kama hajapata kuzisoma. Mahabusu, yule ambaye kesi yake haijaamuliwa, anaweza kuletewa chakula na nguo kutoka nyumbani. Akishahukumiwa, mkono wa nyumbani hukatwa. Atakula cha serikali, atavaa cha serikali, na barua zake, chache kwa hesabu, zitasomwa na ofisa kabla hazijatoka wala kuingia. Barua ilihesabiwa kuwa fadhila: mwenye tabia njema aliongezewa, mkaidi alinyang'anywa. Fedha alizokutwa nazo, au alizotumiwa, zilikaa ofisini kwa mkuu wa gereza.

Utaratibu huo ulitungwa ukimfikiria mfungwa mmoja mmoja, mwenye jina, kosa na tarehe ya kutoka. Kenya ya miaka ya 1950 iliuvunja. Hali ya hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, na baada ya msako mkubwa wa Nairobi wa Aprili 1954, ule uliopewa jina la Operesheni Anvil, makumi ya maelfu ya watu, wengi wao Wakikuyu, Waembu na Wameru, walirundikwa katika kambi za Lang'ata, Mackinnon Road na Manyani. Hawakuhukumiwa, kwa hiyo hawakuwa na tarehe ya kutoka. Huko walikotoka nako kulikuwa kumevurugwa. Kuanzia 1954 serikali iliwahamisha zaidi ya watu milioni moja kutoka kwenye mashamba yao hadi vijiji vilivyozungushiwa mitaro na miiba, na nyumba zao za zamani zikatiwa moto.

Ifikirie barua katika hali hiyo. Mume yuko Manyani, kwenye nyika ya Tsavo, hajui mkewe amehamishiwa kijiji gani. Mke yuko chini ya amri ya kutotoka nje, anachimba mtaro kwa nguvu mchana kutwa, na hata kama angebakiza unga kidogo hana kibali cha kusafiri aupeleke. Chakula cha nyumbani, ambacho katika mila zetu nyingi ndicho salamu ya kwanza kwa aliyefikwa na shida, hakikuwa na njia ya kupita. Kilichobaki ni maneno, nayo yalipitia kwa mkaguzi.

Wanahistoria waliozisoma barua na malalamiko ya waliokuwa kambini, Derek Peterson miongoni mwao, wametuonyesha jambo ambalo simulizi za kishujaa hulisahau. Wanaume wale waliandika sana habari za nyumba zao. Waliuliza karo inalipwa na nani. Walihofia mienendo ya wake zao, wakaandika kwa ukali ambao leo unachoma moyo, maana wanawake hao ndio waliokuwa wakichimba mitaro. Tena kulikuwa na ardhi. Mpango wa Swynnerton wa 1954 ulianza kupima na kuunganisha vipande vya mashamba Ukikuyuni wakati wenye mashamba wamefungiwa, na waliobaki upande wa serikali ndio waliokaa katika kamati. Mtu angeweza kupokea barua kambini akajua kwamba shamba la babu yake limeingia mikononi mwa jirani. Alichoweza kufanya ni kumwandikia bwana shauri, na wengi waliandika, kwa Kiswahili, kwa Kikuyu, kwa Kiingereza cha shule ya misheni, wakitaja mipaka ya mto na mti.

Kambi ilipobana posta, habari zilitafuta njia nyingine. J. M. Kariuki, aliyepitia Manyani na kambi kadhaa nyingine, alisimulia katika kitabu chake cha 1963 jinsi wafungwa walivyokuwa na "magazeti" mawili yasiyo na karatasi. Manyani Times ilikuwa habari ya uhakika, iliyookotwa kwa mfano na waliofagia ofisi za wakubwa. Waya Times ilikuwa uvumi uliorushwa kutoka uzio mmoja hadi mwingine. Kila mtu alijua tofauti. Kariuki huyohuyo aliandika barua za malalamiko na kuzitorosha hadi kwa wabunge wa chama cha Labour huko London, akapigwa kikatili kwa ajili ya barua hizo, na hakuacha. Barua kama hizo zilihitaji mkono wa askari. Wapo waliobeba kwa kupewa kitu, wapo waliobeba kwa huruma, na tusiwanyime nafasi yao. Askari wa kambi alikuwa mwajiriwa maskini wa serikali ileile, na karatasi moja mfukoni ingemfanya naye awe mfungwa.

Barua moja ya magendo ilibadili mwelekeo wa siasa. Jomo Kenyatta na wenzake, waliohukumiwa Kapenguria mwezi Aprili 1953, walifungiwa Lokitaung, kaskazini kabisa, karibu na Ziwa Turkana. Mwezi Juni 1958 gazeti la The Observer la London lilichapisha barua iliyotoka humo. Wafungwa walilalamikia maji, chakula na jinsi walivyotendewa. Mabishano yaliyofuata yalifika katika Baraza la Kutunga Sheria mjini Nairobi, na mjumbe Oginga Odinga akasimama kuwaambia wenzake kwamba watu wa Lokitaung bado ni viongozi mbele ya Waafrika. Wazungu walipiga kelele, na hata baadhi ya wanasiasa Waafrika walishtuka. Lakini tangu siku hizo jina la Kenyatta, lililokuwa likitajwa kwa kunong'ona, liliingia katika mikutano ya hadhara. Malalamiko kuhusu maji na posho ndiyo yaliyolifungulia mlango. Siku hizi tunakumbuka usemi wa Odinga na kuusahau ule waraka uliotoka Lokitaung kwanza.

Ningependa kuandika kwamba uhuru ulilegeza mambo langoni. Haukulegeza. Mwishoni mwa 1968 kijana wa Mombasa, Abdilatif Abdalla, alikamatwa kwa ajili ya kijarida chenye swali, Kenya: Twendapi? Alihukumiwa miezi 18, upande wa serikali ukakata rufani, kifungo kikawa miaka 3. Alinyimwa karatasi. Akaandika kwenye karatasi za chooni, kwa siri, na mashairi hayo yakatoka gerezani yakawa diwani ya Sauti ya Dhiki, iliyochapishwa na Oxford mwaka 1973, yeye akiwa huru tangu mwaka uliotangulia. Diwani ilipata Tuzo ya Jomo Kenyatta ya Fasihi. Mshairi aliyefungwa na serikali ya Kenyatta alituzwa kwa jina la Kenyatta, kwa maneno ambayo magereza ya Kenyatta yalijaribu kuyazuia. Mimi naisoma Sauti ya Dhiki kama mkoba wa barua. Imejaa mtu anayewasemesha walio nje, anayejibu maswali ambayo hakuruhusiwa kuulizwa.

Miaka michache baadaye Ngũgĩ alifanya vivyo hivyo kwa riwaya nzima, Caitaani Mũtharabainĩ. Alieleza kwamba karatasi ya chooni ya Kamiti ilikuwa ngumu, ya kuadhibu mwili, na ugumu huohuo uliifanya ishike wino vizuri. Septemba 1978 wapekuzi waliichukua, na baada ya wiki kadhaa akarudishiwa. Ilikuwapo pia kanuni kwamba aliye kizuizini afungwe minyororo ndipo aonane na mkewe na watoto. Ngũgĩ alikataa minyororo, na kwa kukataa akajinyima kuwaona. Ndiyo sababu picha ile ya posta ilikuwa na uzito mkubwa kiasi hicho.

Mahali ambapo barua ilipimwa kwa mizani ya ukatili ulioandikwa kwa utulivu ni Afrika Kusini. Nelson Mandela alipofikishwa Kisiwa cha Robben mwaka 1964 baada ya kesi ya Rivonia, aliwekwa daraja la mwisho la wafungwa, la D. Haki yake ilikuwa barua moja na mgeni mmoja kila baada ya miezi 6, na barua isizidi maneno 500. Wakaguzi walihesabu maneno. Barua zilizoingia zilifutwa mistari kwa wino, na wafungwa walipojifunza kuusafisha ule wino, mistari ikakatwa kwa wembe. Mtu alipokea karatasi yenye madirisha. Julai 1969 mwanawe Thembi alikufa kwa ajali ya gari. Mandela aliomba ruhusa ya kwenda kuzika akanyimwa, kama alivyonyimwa alipofiwa na mama yake mwaka uliotangulia. Mkewe, Winnie, naye alikuwa gerezani wakati huo, kwa hiyo rambirambi za mke na mume zilitakiwa kupita kwa wakaguzi wa magereza mawili. Nyingine hazikufika. Barua alizowaandikia mabinti zao wadogo mwaka huo hazikufika pia. Alipogundua hivyo, alianza kunakili barua zake katika madaftari kabla ya kuzikabidhi.

Kuhusu fedha kuna habari ambayo inastahili kujulikana zaidi kwetu, sisi tuliokaa na wakimbizi wa Afrika Kusini na kuwapa mashamba ya Mazimbu kule Morogoro. Mwaka 1956 kasisi wa Kanisa la Anglikana mjini London, John Collins, alianza kuchangisha fedha za mawakili kwa ajili ya watu 156 walioshtakiwa kwa uhaini. Mfuko huo ukakua ukawa International Defence and Aid Fund. Mwezi Machi 1966 serikali ya makaburu iliupiga marufuku: kupokea hata shilingi moja yake kukawa kosa la jinai. Kufikia hapo maelfu ya wanaume walikuwa ndani, na wake zao walikuwa wamefukuzwa kazi, hawana kodi ya nyumba wala nauli ya kufika Cape Town kumwona mtu kwa nusu saa nyuma ya kioo.

Ufumbuzi ulikuwa barua ya kawaida kabisa. Ofisi ya London, ambako Phyllis Altman alikuwa mhimili wa kazi, iliwatafuta watu wa kujitolea nchini Uingereza na kwingineko, watu wasio na jina katika siasa. Kila mmoja alipewa familia moja au chache. Alitumiwa fedha, naye akazituma kwa hundi ya posta pamoja na barua ya mkono wake, kama rafiki wa mbali aliyesikia habari zao na kuguswa. Waandishi wengi hawakujua kwamba fedha zinatoka kwenye mfuko uliopigwa marufuku, na mpokeaji hakujua pia. Polisi wa usalama wakifungua bahasha wangekuta habari za hali ya hewa, bustani, na salamu kwa watoto. Ada za mawakili nazo zilipita njia yake, kupitia kampuni za wanasheria za Ulaya zilizojifanya zina wafadhili binafsi. Jumla ya fedha zilizopitishwa mpaka mfuko ulipofungwa mwaka 1991 inakadiriwa kuwa kiasi cha pauni milioni 100. Polisi wa makaburu, pamoja na ujasusi wao wote, hawakuweza kuuvunja mtandao huo.

Mimi nimeguswa zaidi na kilichotokea kwa barua zenyewe. Zilipangwa ziwe kifuniko cha fedha, lakini wanawake wa Soweto na Port Elizabeth walizijibu. Waliandika kwamba sare ya shule imenunuliwa, kwamba bwana amekonda, kwamba paa linavuja. Mwanamke wa kijiji cha Uingereza akauliza mtoto anaendeleaje na kifua. Miaka kumi, miaka ishirini, urafiki uliobuniwa ofisini ukawa urafiki. Nakala za majibu zilihifadhiwa London, na leo ziko katika hifadhi ya Mayibuye ya Chuo Kikuu cha Western Cape. Sijui hazina nyingine barani inayotupa maisha ya wake za wafungwa kwa kalamu zao wenyewe kwa wingi kama huo.

Kenya haikuwa na mfuko wa namna hiyo. Wake na mama walijibebea. Mwishoni mwa Februari 1992 mama wa wafungwa wa kisiasa, Monica Wamwere akiwa mmoja wao, walikwenda Uhuru Park wakiwa na Wangari Maathai, wakagoma kula kudai wana wao waachiwe. Walikuwa wamekwisha kupeleka vifurushi, maombi na barua kwa miaka. Polisi walipowavamia tarehe 3 Machi, baadhi yao walivua nguo, laana nzito kuliko yoyote ambayo mama anaweza kumtolea mwana. Wakahamia kanisa kuu la All Saints, wakakaa humo karibu mwaka mzima, na wafungwa wakaanza kutoka.

Rwanda baada ya 1994 iliusukuma mzigo wa familia hadi mwisho wake. Zaidi ya watu 100,000 waliwekwa ndani kwa tuhuma za mauaji ya kimbari, na gereza la Gitarama, lililojengwa kwa ajili ya watu mia chache, lilikuwa na karibu 7,000. Shirika la Msalaba Mwekundu lililazimika kulisha magereza, na likapitisha barua zake fupi, zisizofungwa, zinazoruhusiwa kubeba habari za familia tu. Hata hivyo ni wanawake waliotembea kutoka milimani wakiwa na vikapu vya maharagwe na viazi vitamu. Kuna uchungu hapa usioweza kuepukwa: wengi kati ya waliokuwa wakiletewa chakula walikuwa wameua, na njia ya kwenda gerezani ilipita mbele ya nyumba za walionusurika, ambao hawakuwa na mtu wa kumpelekea kitu. Katika Kongo mambo hayajabadilika sana. Kuanzia Makala ya Kinshasa, gereza la 1958 lililokusudiwa watu 1,500, hadi Kasapa ya Lubumbashi, mfungwa asiye na jamaa mjini hukaa na njaa.

Kanuni za Umoja wa Mataifa zilizopewa jina la Mandela mwaka 2015 zinasema kwamba mfungwa aruhusiwe kuwasiliana na jamaa zake mara kwa mara, kwa barua na kwa njia nyingine zilizopo. Siku hizi njia nyingine ni simu. Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007 fedha huvuka nchi kwa sekunde, lakini simu ni marufuku kwa mfungwa, na simu zilizoingizwa kwa magendo zimetumiwa kuwalaghai raia. Ulaghai huo umewapa wakubwa sababu ya kukaza kila kitu. Anayeumia ni mama wa Kwale au Busia mwenye elfu moja ya mwanawe, anayelazimika kuila nusu yake kwa nauli.

Turudi kwenye karatasi za zamani. Barua zilizofika ziliingia katika nyumba za udongo ambazo baadaye zilichomwa, au zikafichwa na mtu aliyeogopa askari, au zikaliwa na mchwa. Zilizozuiwa ziliwekwa faili. Madaftari mawili ya Mandela, yenye nakala 79, yaliporwa na wakubwa wa gereza mwaka 1971, yakarudishwa mwaka 2004 na polisi wa usalama mstaafu aliyekuwa nayo. Barua zake nyingi nyingine zimepatikana katika majalada ya idara ya magereza, kwa sababu hazikutumwa. Kwetu, Uingereza ilikiri mwaka 2011 kwamba ilikuwa imeficha Hanslope Park maelfu ya mafaili ya makoloni yake, ya Kenya yakiwa mengi, na mafaili hayo yakawasaidia wazee walioishtaki mjini London na kulipwa fidia mwaka 2013. Malalamiko yaliyoandikwa kambini, yale ambayo bwana shauri aliyapokea, akayapiga muhuri na kuyaweka kando, yako Nairobi katika Nyaraka za Taifa, ndani ya lile jengo la zamani la benki karibu na Mtaa wa Tom Mboya. Yana majina ya watu, mito, wake na watoto, na wengi wa wajukuu zao hupita nje ya jengo hilo kila asubuhi wakielekea kituo cha matatu.